Kuunda chopa ya modeli yenye kromu nyingi: mpangilio kwanza, gundi baadaye

Gari la modeli lina bodi. Injini isipokaa vizuri unafunga boneti, na sakafu ikiwa na kasoro viti vinaifunika. Chopa, yaani pikipiki yenye uma mrefu wa mbele (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), haina pa kuficha kitu. Fremu ni mabomba matupu, injini iko wazi katikati, ekzosi inapita nje, nyaya zote zinaonekana, na karibu nusu ya vipande vina kromu inayoonyesha kila mkwaruzo. Ndiyo maana naipenda kuliko modeli nyingine zote. Ndiyo maana pia maboksi mengi ya chopa hufunguliwa kwa furaha, kisha hurudishwa kabatini kazi ikiwa imefika katikati.

Ninachoeleza hapa kinafaa zaidi kwa skeli ya 1/8 na 1/12, yaani modeli ndogo mara 8 au mara 12 kuliko pikipiki halisi. Revell na kampuni nyingine za Marekani zilitoa chopa nyingi za 1/8 miaka ya 1970, na baadhi ya kalibu za zamani zimetumika tena na tena tangu hapo. Kalibu iliyochoka hutoa vipande vyenye mishono minene na ngozi nyembamba za plastiki pembeni. Ukikuta hali hiyo usidhani umeuziwa boksi bovu. Ni kazi ya msasa tu, na msasa una mwisho wake.

Anza kwa kuhesabu vipande vyote vikiwa bado kwenye matawi yake ya plastiki, ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Kisha osha matawi yasiyo na kromu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana kiwandani hupakwa mafuta ili yatoke kwenye kalibu, na mafuta hayo huifukuza rangi. Yaache yakauke yenyewe.

Sasa ile karatasi ya maelekezo. Isome yote, kisha ujue ilichoandikiwa: kuonyesha kipande gani kinaenda wapi. Haikuandikwa na mtu anayefikiria rangi. Mara nyingi itakuambia ujenge injini, uibane katikati ya nusu mbili za fremu, ugundishe, kisha uendelee na magurudumu. Ukiifuata hivyo utajikuta na mshono wa fremu unaotakiwa kusuguliwa, huku injini iliyokwisha kupakwa rangi iko ndani yake na huna pa kupitisha hata kidole. Kwa hiyo mpangilio wa kazi unaupanga wewe, kabla tone la kwanza la gundi.

Namna ya kuupanga ni kuijenga pikipiki nzima bila gundi. Kata vipande vikubwa tu: nusu za fremu, nusu za injini, gia boksi, tangi la mafuta, tangi la oili, madigadi, uma wa mbele na magurudumu. Vishike kwa tepu ya karatasi na vipande vidogo vya udongo wa kubandikia. Itasimama vibaya, haidhuru. Chukua kila kipande ujiulize: kinaweza kuingia baadaye bila kulazimishwa? Mshono wake utaonekana? Kinagusana na kitu cha rangi nyingine? Majibu yaandike kwenye daftari. Mimi huandika mistari mitatu: vya kugundisha kabla ya rangi, vya kugundisha baada ya rangi, na vya kuingia mwisho kabisa.

Jambo linalotakiwa kujulikana hapa ni kama injini inaingia kwenye fremu iliyokwisha kufungwa. Geuza fremu, jaribu kuingiza kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka chini, huku vichwa vya silinda vikiwa havijawekwa. Mara nyingi injini isiyo na vichwa, kabureta na kifuniko cha klachi hupita pale ambapo injini kamili haipiti. Ikipita, umeshinda vita kubwa: unagundisha fremu, unasugua mshono, unapaka rangi, halafu unaingiza injini iliyokamilika nusu na kuimalizia ikiwa ndani. Ikikataa kabisa, chunguza vishikio vya injini. Kukata kishikio kimoja cha chini na kukirudisha baadaye kwa pini ya shaba ni rahisi kuliko kusugua mshono uliozungukwa na injini.

Kitu kingine kinachosahaulika ni tangi la oili. Katika chopa za mtindo wa zamani wa Harley-Davidson huwa na umbo la kiatu cha farasi, linakaa chini ya kiti na kuikumbatia betri. Kwenye modeli nyingi haliwezi kuingia baada ya madigadi la nyuma kuwekwa. Lijaribu mapema.

Kuijua injini yenyewe kutakuokoa pale ambapo mchoro hauko wazi. Injini kubwa ya Harley ni silinda 2 zilizopanda kwa pembe ya digrii 45. Kabureta, fito za kusukumia valvu na matundu ya ekzosi viko upande wa kulia. Kifuniko kirefu cha klachi kiko kushoto, na cheni ya kwenda gurudumu la nyuma iko kushoto pia. Kiki iko kulia. Ukiona umeshika kipande kinachoonekana kuingia pande zote mbili, jiulize pikipiki halisi ingekiweka wapi. Umbo la vifuniko vya vichwa nalo linakuambia ni injini ya miaka gani: Knucklehead ya 1936 hadi 1947, Panhead ya 1948 hadi 1965, Shovelhead ya kuanzia 1966. Hii ina faida kwenye rangi. Knucklehead ina vichwa vya chuma cha kalibu, kwa hiyo vikipakwa rangi vinapendeza. Panhead ina vichwa vya aluminiamu juu ya silinda za chuma, kwa hiyo vichwa viwe vya fedha iliyofifia na silinda ziwe nyeusi. Ukivipaka vyote fedha moja, injini nzima inakufa machoni.

Gundisha nusu za fremu kwa gundi nyepesi ya kuyeyusha plastiki, ile inayotiririka yenyewe kwenye mshono. Gusa kwa brashi yake, bana kwa sekunde kadhaa hadi plastiki laini itokeze kidogo kwenye mstari. Kile kinachotokeza ndicho kitakachojaza mshono, usikifute. Iache siku nzima, kisha anza kusugua.

Hapa ndipo mabomba mengi huharibika, kwa sababu watu husugua bomba la mviringo kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao, na bomba linatoka na uso bapa ambao rangi ya kung'aa itautangaza. Kata msasa namba 400 kuwa utepe mwembamba wa upana wa milimita 4 au 5, bandika tepu mgongoni usikatike, uzungushe nusu ya bomba na uvute ncha zake huku na huku kama mng'arisha viatu na kitambaa chake. Sogea taratibu kwenye urefu wa bomba. Ukimaliza rudia kwa namba 600, kisha 1000. Pulizia praima (rangi ya msingi) ya kijivu nyembamba. Praima itakuonyesha mishono ambayo jicho halikuiona; jaza kwa puti, sugua, pulizia tena. Kwenye shingo ya fremu, pale mabomba yanapokutana, tumia tupa ndogo ya mviringo. Usiende kwenye rangi mpaka ukipitisha ukucha usihisi kitu.

Kromu ya kiwandani ni utando mwembamba sana wa aluminiamu uliowekwa juu ya plastiki ndani ya chumba kisicho na hewa, huku ukilindwa na vanishi. Gundi ya plastiki haishiki juu yake, kwa hiyo ukigundisha kromu kwa kromu umeshikanisha utando na utando, na kipande kitadondoka wakati wowote. Kwangua kromu kwa ncha ya kisu pale tu gundi itakapogusa. Tumia epoksi ya dakika 5, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, kwa sehemu zinazoonekana. Supaglu inashika haraka, lakini mvuke wake huganda mweupe juu ya kromu na kuifubaza, hasa ukiitumia nyingi na kukiacha kipande mahali pasipo na hewa. Epoksi haina tabia hiyo.

Unapokata kipande cha kromu, acha kwanza kishina kirefu, kisha kipunguze kidogo kidogo kwa kisu chenye makali mapya. Ukikata mara moja karibu na kipande, plastiki hung'oka na kuacha shimo. Alama itakayobaki iguse kwa tone la rangi ya kromu ya kalamu, kama Molotow Liquid Chrome. Kwa mbali haionekani.

Lakini tuseme ukweli: kromu ya kwenye boksi mara nyingi haifai kuachwa yote. Miguu ya uma, usukani na ekzosi huwa na mshono unaopita urefu wote, na huwezi kuusugua bila kuiondoa kromu. Msimamo wangu ni huu: kipande kidogo chenye mshono uliojificha kinabaki na kromu yake, kipande kirefu cha mviringo kinavuliwa. Kuivua kromu ni rahisi. Loweka kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ndani ya chombo cha plastiki. Kuna kromu zinazotoka kwa dakika chache na nyingine hukaa saa kadhaa. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye dawa hiyo na siki, asidi ya kusafishia choo wala kitu chochote chenye amonia, maana gesi inayotoka ni sumu. Suuza kwa maji mengi. Vanishi ya chini inaweza kubaki kama ngozi ya manjano; ikiwa laini na imeshika, isugue kidogo tu, praima itakaa juu yake.

Kuirudisha kromu kunahitaji mashine ndogo ya kupulizia rangi na subira. Sugua mshono hadi namba 2000, paka nyeusi ya kung'aa kama kioo, na uiache ikauke kabisa kwa siku kadhaa. Kioo hicho ndicho kila kitu: kromu ya kupulizia, Alclad II kwa mfano, haina mng'ao wake yenyewe, inaonyesha tu uso ulio chini yake. Punje ya vumbi kwenye nyeusi itakuwa kichuguu kwenye kromu. Pulizia kwa presha ndogo, ukungu mwembamba mwembamba, na usimame mara tu nyeusi inapogeuka kioo. Ukizidisha inarudi kuwa fedha ya kawaida. Baada ya hapo usiishike kwa vidole vitupu, na usiipake vanishi juu, maana vanishi nyingi huizima.

Usifanye kila kitu king'are sawa. Vifuniko vya injini ving'are kidogo kuliko ekzosi, gia boksi iwe aluminiamu iliyofifia, boliti ziwe nyeusi zaidi. Kisha kuna joto. Ekzosi halisi hubadilika rangi karibu na silinda, na rangi hizo zina mpangilio unaotokana na joto lenyewe: mahali penye moto zaidi, mwanzoni mwa bomba, ni bluu, inafuata zambarau, halafu manjano ya majani makavu, kisha kromu safi. Pulizia kinyume: anza na manjano angavu kwenye eneo pana, zambarau juu ya nusu yake ya ndani, bluu pale mwanzo tu. Kwenye 1/8 urefu wote wa rangi hizo usizidi sentimita moja na nusu hivi. Wengi hupenda kuendelea hadi katikati ya bomba. Mimi naona inaharibu.

Uma wa mbele ndio unaoifanya chopa iwe chopa, na ndio unaoipindisha. Ni mrefu, mwembamba, umelala mbele, na ncha yake imebeba gurudumu. Kosa la nusu milimita pale shingoni linakuwa milimita kadhaa pale chini. Usiujenge ukiwa umeuning'iniza hewani. Chora kwenye karatasi mistari miwili sambamba yenye umbali sawa na wa miguu ya uma, bandika karatasi kwenye kioo au kigae tambarare, kisha laza miguu juu ya mistari na uigundishe kwa vishikio vyake vya juu na chini, fimbo ya ekseli ikiwa imepitishwa lakini bila gundi. Ekseli ikizunguka bila kukwama, miguu iko sambamba. Ikikaza, legeza kabla gundi haijakauka.

Pale shingoni, plastiki peke yake sijawahi kuiamini. Toboa kwa drili ya mkono tundu la milimita 1, pitisha waya wa shaba unaoingia kwenye uma na kwenye fremu, funga kwa epoksi. Fanya hivyo pia kwenye stendi, maana pikipiki nzima itaiegemea. Uma wa springa, ule wenye miguu miwili kila upande na springi juu, una viungo vidogo chini ambavyo maelekezo husema vizunguke. Nashauri uvigundishe visizunguke. Vikilegea, gurudumu hulala upande mmoja.

Magurudumu yenye spoki za plastiki ni mazuri ukiyapa muda: kwangua ngozi ya plastiki kati ya spoki kwa ncha ya kisu, na usipake rangi nene. Ukitaka spoki za chuma, gurudumu la kawaida la Harley lina spoki 40, yaani 20 kila upande wa habu (kitovu cha gurudumu), nusu zikivuta mbele na nusu zikivuta nyuma. Toboa rimu ikiwa imebandikwa juu ya mchoro wenye migawanyo 40, ipangilie habu katikati kwa pini, na ufunge upande mmoja mzima kabla ya kugeuza. Waya wa chuma wa milimita 0.4 unafaa kwa 1/8. Ni kazi ya jioni nyingi na inaumiza macho, lakini mwanga ukipita kati ya spoki hizo hutajuta.

Tairi za vinili zina mstari wa kalibu katikati. Usugue kwa msasa 400, na hapohapo tairi inapata sura ya kuwa imetembea. Kuna hatari moja: vinili laini, hasa ya seti za zamani, hutoa mafuta yanayoyeyusha plastiki ya rimu taratibu. Paka rimu rangi pande zote, hata ndani, na ongeza tabaka la gundi nyeupe ya mbao pale tairi inapogusa.

Tangi na madigadi nayapa rangi ya kandi, kwa sababu chopa inaidai. Kandi ni rangi ya uwazi juu ya fedha au dhahabu, mwanga unapita, unagonga chini na kurudi. Kwa nyekundu natumia rangi ya uwazi ya Tamiya X-27 iliyolainishwa kwa tina yake. Shida ni kwamba kila tabaka linaongeza giza. Ukilipaka tangi leo na madigadi kesho, hayatafanana kamwe. Bandika vipande vyote vya rangi hiyo kwenye vijiti, vipange mstari mmoja, na upulizie tabaka la kwanza kwa vyote, kisha la pili kwa vyote, ukihesabu kwa sauti. Weka na kijiko cha plastiki mwishoni mwa mstari huo kiwe kipimo chako: kisimamishe kwenye mwanga, na rangi ikifika unapoipenda, acha. Kingo na pembe hukusanya rangi zaidi, kwa hiyo anza na kumaliza kila mpito nje ya kipande.

Dekali (picha nyembamba za kubandika kwa maji) za miale ya moto kwenye tangi la mviringo hukunjamana. Zikate sehemu mbili au tatu kufuata mistari yake, zilainishe kwa dawa ya dekali, na uzikandamize kwa pamba iliyolowa maji ya moto. Zikikauka, vanishi ya kwanza iwe ukungu mkavu tu, maana vanishi kali ikimwagika nyingi huila dekali. Tabaka nene zije baadaye. Baada ya wiki moja sugua kwa namba 2000 na maji, kisha dawa ya kung'arishia.

Nyaya na mipira ndivyo vinavyotofautisha modeli na pikipiki, na hapo hesabu ya skeli inasaidia. Waya wa plagi wa kweli una unene wa karibu milimita 7. Kwa 1/8 ni milimita 0.9, kwa 1/12 ni 0.6. Usukani wa inchi moja ni milimita 3.2 kwa 1/8 na 2.1 kwa 1/12. Mipira minene ya kwenye boksi itupe, tafuta waya wa umeme wenye ngozi laini ya unene huo. Toboa kofia ya plagi, ingiza waya, tone dogo la epoksi. Waya wa klachi na wa kabureta uwe na mkunjo mpana wa kulegea, kwa sababu usukani wa kweli hugeuka na waya lazima uufuate. Waya ulionyooka kama rula unaonekana uongo hata kwa asiyejua pikipiki.

Mwisho kabisa ndipo unaingiza usukani, vikanyagio, vioo na taa. Lenzi ya taa ibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Hukauka bila kuacha ukungu. Isimamishe pikipiki juu ya meza, uitazame kutoka mbele, magurudumu yote mawili yakiwa kwenye mstari mmoja, kisha ndipo uweke epoksi kwenye stendi ikiwa imesimama hivyo hivyo. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, usitumie kitambaa. Na usiiache juu ya kibao kilichopakwa rangi: tairi za vinili zitakula rangi hiyo pia. Kipande cha kioo chini ya kila tairi kinatosha.